Zilipendwa za Hoteli ya Pershing

   

Leo nimewaletea habari ya zilipendwa. Lakini sizungumzii zile tulizozoea kuzisikia Jumapili mchana. Leo tunasafiri mpaka Marekani, katika mji wa Chicago, na tunakwenda kwenye usiku mmoja tu: tarehe 16 Januari, mwaka 1958. Katika hoteli iliyoitwa Pershing, upande wa kusini wa mji, mahali walipoishi Wamarekani Weusi wengi, watu watatu walikaa kwenye vyombo vyao. Mmoja kwenye piano. Mmoja kwenye besi, lile besi kubwa la mbao linalopigwa mtu akiwa amesimama. Wa tatu kwenye dramu. Mwimbaji hakuwepo, tarumbeta haikuwepo, gitaa halikuwepo. Wakaanza kupiga nyimbo ambazo karibu kila aliyekaa pale alikuwa anazijua.

Kutokana na usiku huo ikatoka santuri moja, na santuri hiyo ilikaa kwenye orodha ya santuri zinazouzwa zaidi Marekani kwa zaidi ya wiki 100. Hebu hesabuni wenyewe. Wiki zaidi ya mia moja, karibu miaka miwili, watu wanakwenda dukani wanatoa fedha zao kununua muziki wa jazi usio na neno hata moja la kuimbwa. Jambo hilo lilikuwa adimu wakati ule, na ni adimu hata leo.

Sasa tujiulize. Nyimbo zilikuwa za zamani, watu wanazijua. Vyombo vilikuwa vitatu tu. Ukumbi ulikuwa wa kawaida, watu wamekaa na vinywaji vyao wanazungumza. Kilichowafanya watu wanunue ni kitu gani? Jibu langu nitalitoa mapema, kisha tutalifuatilia pamoja: mpiga piano yule alijua kunyamaza. Alijua mahali pa kuacha nafasi. Shikeni hilo, nitalirudia.

Jina lake Ahmad Jamal. Na santuri yenyewe inaitwa At the Pershing: But Not for Me.

Kabla hatujaingia ndani, niweke sawa jambo moja, maana najua wapo wasikilizaji ambao wakisikia jazi wanakumbuka Morogoro Jazz, au Western Jazz, au Nuta Jazz. Hizo zilikuwa bendi zetu za dansi, na zilipenda kubeba jina hilo. Muziki wao ulikuwa na magitaa, una rumba ndani yake, umeiva kwa Kiswahili. Jazi ninayoizungumzia leo ni ile ya Wamarekani Weusi, iliyokulia New Orleans na kusambaa Chicago, Kansas City na New York. Moyo wake ni huu: wanamuziki wanachukua wimbo unaojulikana, wanaupiga mara ya kwanza ulivyo, halafu wanaanza kutunga palepale, mbele ya watu, juu ya msingi wa wimbo uleule. Wimbo unabaki chini kama ulivyo, na juu yake panazaliwa kitu ambacho jana hakikuwepo.

Sasa hizo nyimbo za kuanzia zilitoka wapi? Nyingi zilitungwa kati ya miaka ya 1920 na 1950 kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya Broadway na kwa ajili ya filamu. Watunzi wake ni watu kama George Gershwin, Irving Berlin, Cole Porter, Richard Rodgers. Zilikuwa nyimbo fupi, na nyingi zimejengwa kwa mpango mmoja: kipande cha kwanza kinapigwa, kinarudiwa, kinakuja kingine cha kubadilisha hewa, halafu kile cha kwanza kinarudi kumalizia. Mpango huo ukishaujua, unaweza kukaa na wanamuziki usiowahi kukutana nao na mkapiga pamoja usiku kucha. Ndiyo maana nyimbo hizo zikawa mali ya wote. Mchezo wa kuigiza ulisahaulika, filamu ikasahaulika, wimbo ukabaki.

Mfano ni But Not for Me, uliobeba jina la santuri hii. Ni wimbo wa Gershwin, maneno yakiandikwa na kaka yake Ira, kwa ajili ya mchezo wa Girl Crazy wa mwaka 1930. Ni malalamiko ya mtu anayeona wenzake wote wanaimbiwa mapenzi, yeye hana wake. Ndani ya santuri umo pia wimbo kutoka Oklahoma!, mchezo wa Rodgers na Hammerstein wa mwaka 1943, unaosifu gari zuri la kukokotwa na farasi. Umo Moonlight in Vermont, wimbo wa miaka ya 1940 ambao mashairi yake hayana vina kabisa. Washairi wetu wangeuliza maswali, lakini wimbo unatembea, na unatembea vizuri. Na umo mmoja uitwao Music! Music! Music!, ulioimbwa na Teresa Brewer na kutamba mwaka 1950, unaozungumzia kutumbukiza sarafu kwenye mashine ya muziki. Huo wa mwisho ulikuwa wimbo mwepesi wa kuchangamsha vijana. Wanajazi wengi wa siku zile wasingekubali kuugusa. Ahmad Jamal aliugusa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penyewe. Mpiga piano wa jazi anapochukua wimbo kama huo, njia aliyoizoea ni kuongeza. Vidole vinakimbia, sauti zinajaa, kila upenyo unazibwa, ili watu waone ufundi. Na siwalaumu, ufundi huo una raha yake. Art Tatum aliupandisha mpaka mahali ambapo hakuna aliyemfikia, na Jamal mwenyewe alimheshimu sana. Lakini Jamal alipita njia nyingine. Alipunguza. Aligusa sentensi ya kwanza ya wimbo, kwa vidole vyepesi, kule juu kwenye sauti nyembamba za piano. Kisha akaacha. Besi na dramu zikaendelea zenyewe. Wewe msikilizaji unasubiri sentensi ya pili, haiji. Halafu inakuja kipande tu, mkia wake. Halafu ghafla mikono miwili inashuka na sauti nzito, mara moja, mara mbili, na inaondoka tena.

Mmeshawahi kuona mzee anavyosimama mbele ya mkutano? Anasema, "Haraka haraka..." halafu ananyamaza. Na mkutano mzima unamjibu, "haina baraka!" Yeye nusu, wao nusu. Hajawachosha, na kila mmoja pale anajiona ameshiriki. Sasa ndivyo Jamal alivyofanya na nyimbo za zamani. Alijua kwamba watu waliokaa Hoteli ya Pershing wimbo wanao tayari vichwani mwao, na maneno yake wanayo. Kwa nini awapigie wimbo wote? Aliwapa mwanzo, akaacha nafasi, na nafasi ile wakaijaza wenyewe bila kufungua midomo.

Ndiyo maana nasema nyimbo hizi zilipaswa kuwa za zamani. Ungempa Jamal wimbo mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kunyamaza kwake kungekuwa ukimya tu. Zilipendwa ndizo zilizompa uwezo wa kunyamaza. Naamini hapo ndipo siri ya santuri hii ilipo, na kila nikiisikiliza naiamini zaidi.

Sasa piano ikinyamaza, kunakuwa na nini? Hapa inabidi tuwaheshimu watu wawili ambao majina yao huwa yanatajwa haraka haraka.

Wa kwanza ni Israel Crosby, mpiga besi. Alizaliwa Chicago mwaka 1919, na katika miaka ya 1930, angali kijana, alishakuwa anarekodi na wakubwa wa siku zile. Kwa hiyo alipokaa na Jamal hakuwa mwanafunzi wa mtu. Kazi ya besi kwa kawaida ni kutembea chini, hatua kwa hatua, kuonyesha njia. Crosby alifanya hivyo, lakini zaidi ya hapo aliimba. Sikilizeni But Not for Me, na safari hii muiache piano kabisa, fuateni besi peke yake. Mtasikia linapanda, linashuka, linajibu, lina sentensi zake zenye mwanzo na mwisho. Unaweza kuutoa mstari ule wa besi ukaupa maneno ukawa wimbo. Kwa maoni yangu, mtu anayeifahamu piano ya santuri hii na hajalifahamu besi lake, ameijua nusu.

Wa pili ni Vernel Fournier, mpiga dramu. Yeye alizaliwa New Orleans mwaka 1928, mji wa bendi za kuandamana barabarani, ambako ngoma kubwa hubebwa kifuani na watu hucheza wakizifuata. Kwenye nyimbo nyingi za usiku ule anapiga kwa brashi, taratibu, mpaka unasikia kama pumzi. Lakini kuna wimbo mmoja ambamo alibadilisha kila kitu, na huo ndio uliowafanya watu waikimbilie santuri. Unaitwa Poinciana.

Wasikilizaji, hapa tukae kidogo.

Poinciana ulitungwa mwaka 1936 na Nat Simon, maneno ya Buddy Bernier, kutokana na wimbo wa kienyeji wa Cuba. Ni wimbo unaouimbia mti. Na mti wenyewe mnaujua. Ni ule wenye kivuli kipana na maua mekundu yanayowaka kuelekea mwisho wa mwaka. Kwetu wengi huuita mkrismasi. Asili ya mti huo ni Madagascar, jirani zetu wa baharini, na kutoka huko ukasambazwa mpaka visiwa vya Karibi na Amerika. Kwa hiyo msikilizaji wa Tanga au Mombasa anayeukuta wimbo huu leo, anaimbiwa mti ambao pengine uko nje ya dirisha lake.

Fournier alifanya nini? Mkono mmoja alishika kijiti cha kawaida na mwingine kijiti chenye kichwa laini. Kimoja akakigonga kwenye toazi, mlio mkali na mkavu, na kingine akakizungusha kwenye ngoma, mlio wa chini na wa mviringo. Miguu nayo ina kazi zake. Mapigo hayo yakaingiliana kiasi kwamba anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Fournier mwenyewe alieleza kwamba asili ya pigo lile ni New Orleans, kwenye zile bendi za barabarani, ambako ngoma zaidi ya moja husemezana. Yeye alikusanya mazungumzo yale akayaweka kwenye mwili wa mtu mmoja.

Pigo hilo linaanza na haliachi. Crosby naye anashika mzunguko wake wa besi, mfupi, unaorudi na kurudi. Halafu Jamal anaingia kwa vituo. Anautaja wimbo, anauacha. Anadondosha sauti mbili tatu juu kabisa. Anasubiri. Wimbo unakwenda zaidi ya dakika nane, na wakati ule santuri ndogo zilizopigwa redioni zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Dakika nane za pigo moja! Mngetarajia watu wachoke. Lakini sikilizeni ukumbi: watu wapo, mnawasikia, wanapiga makofi. Hawajachoka hata kidogo. Mtu aliyezoea dansi letu ataelewa mara moja ni kwa nini. Katika dansi, wimbo ukishafika kwenye sebene hakuna anayeuliza utakwisha lini. Mzunguko ukikaa mahali pake, mwili unataka uendelee.

Na nirudie lile nililowaambia mlishike. Piano haijazi. Inaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo besi na dramu zinasikika waziwazi. Kama Jamal angepiga mfululizo, tusingemsikia Fournier, tusingemsikia Crosby, na Poinciana ingekuwa wimbo mwingine mzuri wa piano uliosahaulika.

Huenda mtu akauliza, je, ilitokea tu? Ilikuwa bahati ya usiku mmoja? Hapana. Watu hawa walikuwa wanamuziki wa kudumu wa hoteli ile, walishapiga pamoja vya kutosha kiasi cha kujuana pumzi. Na kabla ya hapo Jamal alikuwa ameshalifikiria jambo hili kwa miaka. Kundi lake la mwanzoni mwa miaka ya 1950 halikuwa na dramu hata kidogo. Lilikuwa na piano, besi na gitaa la Ray Crawford, ambaye alikuwa akiligonga gitaa lake kwa vidole ili litoe mlio wa ngoma. Kwa hiyo sauti ya ngoma alikuwa anaitafuta tangu mapema, na alitaka iwe ngoma yenye nafasi yake, si ya kujaza nyuma.

Tena usiku ule wa Januari zilirekodiwa nyimbo 43. Arobaini na tatu! Jamal akakaa akasikiliza, akachagua nane tu za kuweka kwenye santuri. Santuri nzima ni kama nusu saa. Mnaona? Hata katika kuchagua, alikuwa mtu wa kupunguza. Kampuni iliyoitoa ilikuwa Argo, tawi la Chess Records, wale ambao wengi wanawajua kwa blues ya Muddy Waters na kwa Chuck Berry.

Mtu huyu alitokea wapi? Alizaliwa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, mwaka 1930. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka mitatu mjomba wake alikuwa akipiga piano, akamtania mtoto arudie alichosikia, na mtoto akarudia. Alipofika miaka saba akapelekwa kwa mwalimu, Mary Cardwell Dawson, mwanamke Mweusi aliyekuja kuanzisha kampuni ya opera ya Wamarekani Weusi. Kwa mwalimu kama huyo ungejifunza muziki wa Ulaya kwa nidhamu kamili, na nje ya mlango ungeusikia muziki wa Duke Ellington. Jamal alisema maisha yake yote kwamba Pittsburgh haikumfundisha kuitenganisha mikondo hiyo miwili. Na muziki wake mwenyewe hakupenda sana kuuita jazi. Aliuita muziki wa klasiki wa Marekani, na alimaanisha hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa Chicago, akasilimu, na jina la Ahmad Jamal ndipo alipolichukua. Alikuwa Mwislamu wa kushika dini mpaka mwisho wa maisha yake. Mafanikio ya santuri hii yalipomletea fedha, alifungua ukumbi wake mwenyewe hukohuko Chicago, akauita Alhambra, jina la kasri maarufu la Waislamu wa Andalusia. Chakula kilikuwepo, muziki ulikuwepo, pombe haikuuzwa. Biashara ya ukumbi wa muziki usio na pombe ilikuwa ngumu, na haikudumu. Lakini mtu aliyethubutu hivyo mwaka 1961, katika mji kama Chicago, mimi namwonea fahari.

Sasa niseme jambo ambalo linanikera, na sitalificha. Santuri hii ilipotoka, wako wahakiki waliomdharau. Walimwita mpiga piano wa baa, mtu wa kusindikiza vinywaji. Kwao muziki wa kweli wa jazi ulikuwa lazima utoke jasho mbele yao, uwe na kasi, uwe na ugumu unaoonekana. Jamal alikuwa mwepesi, watu wa kawaida walimpenda, santuri yake ilinunuliwa. Basi wakaona hapo lazima kuna upungufu. Nasema walikosea, tena walikosea pakubwa. Kuacha nafasi ni kugumu kuliko kuijaza. Mpigaji anayejaza akiteleza, sauti nyingine kumi zinamfunika. Anayeacha nafasi hana pa kujificha. Kila sauti anayoigusa inasikika mpaka ukingoni. Jamal mwenyewe, watu wakimsifu kwa nafasi anazoacha, alipendelea kuiita nidhamu. Naona alilitaja kwa haki.

Wanamuziki wenzake hawakudanganyika. Miles Davis, mpiga tarumbeta, alikuwa na dada aliyeitwa Dorothy huko Chicago, na mwaka 1953 dada huyo ndiye aliyemwambia habari za Jamal. Akaenda kumsikiliza, na tangu hapo hakuacha. Alizichukua nyimbo za Jamal akazirekodi. Zile zilipendwa alizozipiga Jamal, naye Miles akazipiga, ukiwemo ule wa gari la farasi, alioupiga mwaka 1956. Mpiga piano wake, Red Garland, Miles alimwambia waziwazi apige kama Ahmad Jamal. Mwaka 1957 Miles na mpangaji wa muziki Gil Evans wakauchukua utunzi wa Jamal uitwao New Rhumba, wakaufanya kwa bendi kubwa, karibu sauti kwa sauti. Basi zile nafasi tunazozisikia kwenye tarumbeta ya Miles, ule ukimya wake unaosifiwa dunia nzima, sehemu yake ilitoka kwenye piano ya mtu aliyeitwa wa baa. Hili liwekwe wazi, kwa sababu mara nyingi jina la Miles hutajwa na la Jamal likaachwa.

Watatu wale hawakukaa pamoja muda mrefu. Mwaka 1962 kundi lilivunjika. Crosby akaenda kupiga na mpiga piano George Shearing, na mwezi Agosti mwaka huohuo akafariki kwa ugonjwa wa moyo, hajatimiza hata miaka 45. Fournier aliishi mpaka mwaka 2000. Jamal mwenyewe alipumzika miaka kadhaa, akarudi, akaendelea kupiga mpaka uzeeni kabisa, na akafariki tarehe 16 Aprili 2023, akiwa na miaka 92. Popote alipokwenda, watu walimdai Poinciana. Naye akawapigia, na alipowapigia aliubadilisha, maana wimbo ule sasa ulikuwa umekuwa zilipendwa yake mwenyewe. Watu wameshaujua kwa namna ya Pershing, basi akawa na namna mpya ya kuuacha nusu. Mwaka 1995 Clint Eastwood aliuweka kwenye filamu yake The Bridges of Madison County, na kizazi kingine kikaukuta huko.

Na nyinyi vijana mnaonisikiliza, ambao pengine mnasema hizi ni habari za babu zetu, nina lenu pia. Mwaka 1974 Ahmad Jamal alitoa santuri ya tungo zake mwenyewe, na ndani yake kuna utunzi unaoitwa Swahililand. Ndiyo, mmesikia vizuri, nchi ya Waswahili. Mwaka 1996 kundi la De La Soul likachukua kipande cha piano na bendi kutoka kwenye utunzi huohuo, likajenga juu yake Stakes Is High, moja ya nyimbo zinazoheshimiwa sana katika hip hop. Na miaka miwili kabla, rapa Nas alipotoa The World Is Yours, ile piano inayozunguka chini ya maneno yake ilikuwa ya Ahmad Jamal vilevile. Kwa nini watengenezaji wa hip hop walimpenda namna hii? Nadhani mnaweza kujibu wenyewe sasa. Ndani ya muziki wake kuna nafasi. Mtu mwingine anaweza kuingia na maneno yake na asimsukume mwenyeji.

Basi ombi langu kwenu ni dogo. Santuri hii inapatikana, kwenye simu zenu mnaweza kuikuta kwa jina lake, At the Pershing. Isikilizeni kwa mpango huu. Mara ya kwanza isikilizeni hivihivi, mkiendelea na kazi zenu, kama watu wa ukumbi ule walivyoisikiliza wakizungumza. Mara ya pili fuateni besi tu, la Israel Crosby. Mara ya tatu, kwenye Poinciana, fuateni mikono ya Fournier, mjaribu kuipiga mezani kwa mikono yenu miwili, mtaona kazi. Piano iacheni iwe ya mwisho, na mkifika kwenye piano, msihesabu alivyopiga. Hesabuni mahali alipoacha.

Halafu mniandikie. Nataka kujua: katika zilipendwa zetu wenyewe, ni wimbo gani mngependa kuukabidhi kwa watu watatu, piano, besi na dramu, bila mwimbaji? Mnitajie wimbo mmoja, na mniambie ni sehemu gani mngetaka piano inyamaze ili sisi wenyewe tumalizie. Majibu nitayasoma hewani wiki ijayo, na nimeshamwomba mpiga piano mmoja mwenye moyo aje studio tujaribu mawili matatu.

Fundi wetu yuko tayari na santuri, ananionyesha kwa mkono. Tunaanza na But Not for Me, halafu Poinciana yote, dakika zake zote nane bila kukatwa.